Mkanda wa 1983, Bibi wa Pemba na Picha Ambayo Hutaiona

Wadau, tahadhari mapema: stori hii haina picha. Shuka mpaka chini kabisa, hutaikuta. Ni stori ya kamera, ya mkanda wa zamani na ya bibi mmoja aliyekaa mbele ya lenzi, lakini picha yenyewe haipo na haitakuja. Sababu ipo, soma kwanza.

Yupo dada mmoja wa miaka 27, makazi Sinza, Dar es Salaam, kazi yake kutengeneza kontenti za biashara za watu. Leo mgahawa, kesho saluni, keshokutwa duka la viatu. Simu yake ina picha zaidi ya elfu kumi na nane na ukimuuliza ipi anaipenda anaanza kusogeza kidole mpaka unachoka wewe. Asili yake upande wa mama ni Pemba. Msimu wa karafuu uliopita akapanda boti, akashuka Mkoani, akadandia daladala mpaka kijiji kimoja nje ya Wete kumwona bibi yake, maana simu za "bibi anakuulizia" zilikuwa zimekuwa nyingi.

Kufika tu akapewa kazi. Msimu wa karafuu Pemba hakuna mgeni. Kila mkono unahitajika kuchambua karafuu na makonyo yake, kuanika kwenye majamvi, kukimbia kuanua wingu likitokea. Akatumwa stoo kutafuta jamvi la ziada. Nyuma ya magunia ndipo akakuta sanduku la bati la marehemu babu.

Ndani: kamera ya Praktica, nzito kama tofali. Tangi jeusi la plastiki la kusafishia mikanda. Boksi la karatasi za picha. Na mikanda mitatu ya bleki en waiti, haijafunguliwa, maboksi yake yameandikwa ORWO NP 22, pembeni tarehe ya mwisho wa matumizi: 1983. Yeye mwenyewe hajazaliwa, mama yake yuko skuli ya msingi.

(Mnaosubiri kusikia kwamba ndani ya kamera kulikuwa na picha ya siri ya babu, poleni. Kamera ilikuwa tupu. Kulikuwa na mende aliyekauka.)

Mtu anaweza kushangaa mkanda wa Ujerumani unatafuta nini stoo ya Pemba. Hausangazi. Mwaka 1964, mara baada ya Mapinduzi, Zanzibar ilikuwa nchi ya kwanza Afrika kuitambua Ujerumani Mashariki, na wale jamaa wakaja kwa nguvu: walimu, madaktari, mainjinia. Zile fleti za Kilimani na Michenzani kule Unguja ni mkono wao. Mwaka huohuo wa 1964 kiwanda cha filamu cha mji wa Wolfen, kilichokuwa kikitumia jina la Agfa, kikaanza kutumia jina jipya la ORWO, yaani kifupi cha "Original Wolfen". Praktica nayo ilitoka hukohuko, Dresden. Babu alikuwa mwalimu, na kamera aliachiwa na mwalimu mwenzake Mjerumani aliyemaliza mkataba wake. Mikanda akawa anaagiza Unguja kila mtu wa kijijini akienda. Hii mitatu ikabaki. Ujerumani mbili zikaungana mwaka 1990, kiwanda kile kikayumba kisha kikafilisika, na mikanda imekaa tu stoo inanukia karafuu.

Sasa swali la msingi: mkanda uliokwisha muda miaka zaidi ya 40 iliyopita unapiga picha?

Unapiga, ila kwa masharti. Mkanda ni plastiki iliyopakwa chembe za chumvi ya fedha ndani ya jelatini. Chembe hizo zinasubiri mwanga, lakini hata gizani zinachoka taratibu, na joto na unyevu vinaharakisha. Matokeo ni mambo mawili: mkanda unapoteza wepesi wa kuuona mwanga, halafu unajaa ukungu, yaani ukiusafisha hata sehemu ambazo hazikuguswa na mwanga zinatoka za kijivu. Mkanda wa rangi ndio huharibika vibaya zaidi, kwa sababu una tabaka kadhaa na kila tabaka linachoka kwa mwendo wake, unatoa watu wa zambarau. Bleki en waiti ni mvumilivu. Wanaocheza na mikanda mizee wana hesabu yao ya mtaani: kila miaka kumi iliyopita, ongeza mwanga mara mbili. NP 22 ilipokuwa mpya ilikuwa ASA 125. Ukiikatia nusu mara tatu na ushee unafika kwenye 12. Hapo ndipo dada akaamua kuanzia.

ASA 12 ni mkanda mvivu kupita maelezo. Simu yako inapiga picha chumbani kwa taa ya kibatari. Huu unataka jua la saa sita, na ukiingia kivulini tu inabidi anayepigwa akae kimya kama anasubiri majibu ya hospitali. Kamera ya babu haikuwa na mita ya mwanga inayofanya kazi, kwa hiyo akatumia kanuni ya wazee wa kamera: juani weka tundu la lenzi 16 na mwendo wa shata ulingane na ASA. Kwa 12 ukipiga hesabu unapata tundu 5.6 kwa mwendo wa 1/125. Kivulini barazani, 2.8 kwa 1/30, na Mungu asaidie.

Mkanda wa kwanza ukawa wa kafara. Akapiga karafuu majamvini, bandari ya Wete, vijana waliopanda juu ya mikarafuu, mbuzi, mlango wa msikiti, mbuzi tena. Picha 36 zikaisha kwa siku tatu. Kwake yeye, ambaye hupiga picha 36 za sahani moja ya chipsi, hiyo ilikuwa kama kufunga Ramadhani.

Kusafisha ndiko kulikokuwa na kasheshe. Zamani ulikuwa unapeleka mkanda studio, unapewa karatasi, unarudi baada ya wiki. Leo studio za pale Chake na Wete ni za pasipoti saizi na kompyuta, hakuna mwenye dawa. Lakini kuna njia ya jikoni, na imeandikwa sana: mwaka 1995 wanafunzi na mwalimu wao wa chuo cha Rochester, Marekani, walionyesha kwamba kahawa ya unga inaweza kusafisha picha. Kahawa ina tindikali zinazofanya kazi ya dawa, inasaidiwa na magadi ya kufulia na vitamini C. Kwa lita moja ya maji: gramu 54 za magadi makavu, 16 za vitamini C, 40 za kahawa. Dakika 15, maji yakiwa nyuzi 20.

Kahawa ilikuwa Africafe ya kopo. Vitamini C ya unga ikaja kwa boti kutoka Dar. Magadi halisi ya kufulia hakupata, akanunua bikabonati ya kupikia na kuikaanga kwenye kikaango mpaka ikageuka, kwa sababu ukiipasha moto vizuri inatoa hewa na kubaki magadi yaleyale. Bibi alisimama mlangoni akimtazama mjukuu wake aliyesomeshwa mpaka chuo kikuu anakaanga unga mweupe bila mafuta wala chumvi. Akasema tu, "Haya."

Nyuzi 20 Pemba hakuna. Maji ya kawaida pale ni ya uvuguvugu muda wote. Ikabidi mtoto wa ami yake, kijana wa miaka kama 22, atumwe barafu za mifuko kwa jirani. Kuingiza mkanda kwenye tangi kunataka giza totoro, na hapo umeme ukasaidia kwa namna yake. Pemba inapata umeme kwa waya uliopita chini ya bahari kutoka Tanga tangu mwaka 2010, na siku ukikatika, kijiji kizima ni chumba cha giza. Ukakatika saa mbili usiku. Dada akajifungia stoo na buibui juu ya mikono, akamaliza kabla haujarudi.

Dawa ya kugandisha picha isififie pia haikuwepo. Badala yake, chumvi. Maji yaliyokolezwa chumvi, gramu 300 kwa lita, yanaweza kuondoa fedha iliyobaki kwenye mkanda, ila polepole sana, siku nzima na zaidi. Pemba kwa chumvi haina shida. Mkanda ukalala kwenye ndoo usiku, mchana na usiku mwingine.

Ulipotoka ulikuwa wa kijivu kizito mwanzo mpaka mwisho, na ndani ya ukungu ule vitu kwa mbali, kama mtu anayekuita kutoka ng'ambo ya mto. Mbuzi walionekana. Karafuu zilionekana. Dada akaruka ruka uani kama Yanga wamefunga dakika ya tisini. Kwa mkanda wa pili akaongeza mwanga kidogo, akatia na chumvi ya madini joto ndani ya kahawa, ambayo hupunguza ukungu.

Na mkanda wa pili ndio wenye kesi.

Bibi huyu hapigwi picha. Si kwamba hajawahi. Kwenye kitambulisho chake cha Mzanzibari Mkaazi yumo, na zamani babu alimpiga mara kadhaa. Lakini miaka michache iliyopita kulikuwa na harusi ya mjukuu, shughuli ya wanawake watupu, milango imefungwa. Bibi akavua mtandio, akaingia uwanjani akacheza kama alivyokuwa akicheza ujana wake. Ndugu mmoja wa kike akarekodi. Kwa mapenzi, alisema baadaye. Jioni video ilikuwa kwenye stetasi za watu, asubuhi ilikuwa kwenye magrupu ya WhatsApp, na siku ya tatu muuza duka, mwanamume, akampa bibi sukari yake na kumwambia huku anacheka, "Bi mkubwa, kumbe bado mnayaweza!"

Bibi akaiacha sukari juu ya meza. Tangu siku hiyo ananunua duka la mbali, dakika 25 kwa miguu, kilima kwenda na kilima kurudi. Mwenye duka mpaka leo hajui kosa lake. Yule aliyerekodi aliambiwa, akalia, akafuta. Kufuta kwenye simu yake. Kwenye simu za wengine ilibaki hukohuko.

Kwa hiyo dada alipozoea kuinua simu, bibi alikuwa anainua upande wa kanga. Hakuna ugomvi, hakuna maneno, kanga tu. Ila ile Praktica aliijua. Jioni moja akiwa amekaa barazani anachambua makonyo, akauliza mwenyewe.

"Hiyo ukishapiga, picha yenda wapi?"

"Haiendi popote, bibi. Imo humu ndani kwenye mkanda."

"Na mtu akitaka kuiona?"

"Mpaka nisafishe. Na mpaka nimpe."

Bibi akachambua kidogo. "Basi nipige mie moja. Na huo uzi wake unipe mie mwenyewe."

Uzi ndiyo negativu. Masharti ni hayo: picha moja, karatasi moja, negativu kwa bibi. Simu isihusike popote.

Akaenda kuoga. Akavaa kanga mpya, akajipaka wanja, akarudi na kukaa kwenye kiti cha babu. Tundu 2.8, mwendo 1/30, jua la saa kumi na moja jioni linaingia kwa ubavu. Dada akamwomba akae bila kutikisika. Bibi akakaa. Kitu ambacho watu wa simu hawakijui ni huu ukimya wa kabla ya picha, pale ambapo mpigaji na mpigwaji wote wanajua kwamba hakuna ya pili. Akabonyeza. Praktica ina sauti kama mlango wa friji. Bibi akauliza, "Tayari?" na akacheka, na kile kicheko hakikupigwa, kwa sababu walikubaliana moja.

Kusafisha kukaenda vizuri kuliko mara ya kwanza. Negativu ilipokauka kwenye kamba uani, mtoto wa ami akaishika kwa ncha za vidole, akaielekeza angani, akatoa simu yake, akaipiga picha na kuigeuza rangi kwa programu. Sekunde kumi na tano.

"Yakhe, wallahi, tazama hii."

Dada akatazama, na hapo ndipo palipokuwa pagumu. Ilikuwa picha nzuri kuliko zote alizowahi kupiga maishani. Chembe za mkanda mzee zimemzunguka bibi kama vumbi la karafuu, ukuta umeyeyuka kwenye ukungu, macho yamebaki makali katikati. Mtu wa kazi yake anajua picha ya namna ile inakwenda wapi. Kulikuwa na shindano la picha lililokuwa linafungwa Ijumaa ile, lenye zawadi ya pesa ambayo ingelipa kodi yake ya miezi sita. Kijana akasema kile ambacho wengi wenu mngesema: bibi hana simu, bibi hatajua, na kwani kuna ubaya gani, amejistiri, picha ya heshima.

Kila neno hapo ni kweli. Na ni yaleyale ambayo yule wa harusini angeweza kuyasema, ukiondoa la kujistiri.

Ugomvi wa picha za wanawake wa visiwani haukuanza na WhatsApp. Miaka mia na ushee iliyopita studio za Mji Mkongwe, kama A. C. Gomes na Coutinho Brothers, ziliuza postikadi zilizosafiri mpaka Ulaya, na nyingi zilikuwa na wanawake waliovaa kanga au wamekaa kwenye viti vya kifahari vya studio, chini pameandikwa tu kwamba ni mwanamke wa Kiswahili. Jina hakuna. Watu wa mbali walibandika stempu na kuandikiana habari za hali ya hewa mgongoni mwake. Leo postikadi hizo ni za makumbusho na za wanaokusanya vitu vya kale. Baadaye zikaja studio ambazo watu walikwenda kwa hiari yao, wamevaa vizuri, kama Capital Art Studio iliyofunguliwa na Ranchhod Oza mwaka 1930. Pale mteja aliondoka na picha yake kifua mbele. Negativu kwa kawaida ilibaki studio. Hata hapo, uzi haukuwa wa bibi.

Dada hakuyafikiria hayo yote uani pale, tusimpake rangi. Alichofanya ni kuichukua simu ya kijana, akafuta ile picha, akaingia na kule ambako picha zilizofutwa hukaa siku thelathini, akafuta tena. Kijana akanuna mpaka magharibi. Halafu dada akaenda kumwambia bibi kwamba simu ilihusika, kwa robo saa, na sasa haimo. Hilo hakuwa na haja ya kulisema. Bibi akauliza nani. Akaambiwa. Akasema, "Mwite," na walichozungumza wakiwa wawili jikoni hakijulikani, ila kijana alitoka akiwa mpole na amebeba ndizi.

Ikabaki karatasi. Studio ya mjini ingechapa vizuri, lakini kwa kupitia kompyuta, na faili linakaa kwenye kompyuta ya mtu. Kwa hiyo wakarudi kwenye sanduku la babu, kwenye lile boksi la karatasi za picha, nazo za umri uleule. Mashine ya kukuzia hakuna. Bila mashine unaweza kufanya jambo moja tu: kulaza negativu juu ya karatasi, kuweka kioo juu, na kuwasha taa kwa sekunde chache. Picha inatoka saizi ya negativu yenyewe, milimita 24 kwa 36. Ndogo kuliko pasipoti saizi. Kama stempu.

Taa ya kufanyia kazi ilikuwa ile nyekundu ya nyuma ya baskeli. Kahawa ileile, chumvi ileile. Karatasi ya kwanza ikatoka nyeusi tii, ya pili kijivu kitupu, ya tano ndipo bibi akatokea ndani ya sahani, taratibu, wanja kwanza. Alikuwepo mwenyewe anaangalia. Hakusema kitu mpaka karatasi ilipotolewa. Kisha: "Nimefanana na mamangu."

Mama yake hakuwahi kupigwa picha. Hakuna mtu mwingine aliye hai pale nyumbani ambaye angeweza kuthibitisha au kubisha.

Karatasi hiyo na kipande cha uzi vimo kwenye kikopo kidogo cha bati, kikopo kimo kwenye mkoba, na mkoba unajulikana unakokaa. Shindano lilifungwa Ijumaa. Dada alituma ile ya karafuu majamvini, haikushinda kitu, na kodi amelipa kwa kukopa.

Kilichofuata hakuna aliyekitarajia. Habari zilienea mtaani kwa mdomo, kama zamani, na jioni moja wakaja wanawake watatu wakubwa, wakakaa barazani, wakaongea habari za bei ya karafuu kwa nusu saa nzima, kisha mmoja akauliza kama ile kamera isiyosambaza bado ipo. Mkanda wa tatu umo kwenye friji ya bibi, ndani ya kopo la majarini, chini ya mfuko wa pweza. Una picha 36. Bibi ndiye anayeandika orodha, na mpaka dada anarudi Dar ilikuwa imefika majina 11. Mmoja ameulizia kama anaweza kupigwa na cherehani yake. Ameambiwa inawezekana, mradi isitikisike.